Stesheneri ya Isevya: nilipeleka ramani za miji ya Warumi, mara ya kwanza nguzo zikapotea

Naandika hii kwa walimu wenzangu wa Tabora, hasa wa historia na jografia, na mtu yeyote mwenye kazi ya kuprinti ramani au mchoro wenye mistari myembamba, maana hii kazi nimezunguka nayo mjini hapa kama wiki mbili na sitaki mtu mwingine aanze mwanzo kama nilivyoanza mimi.

Stesheneri yenyewe ipo Isevya, haina bango, watu wanasema tu "kwa mama wa fotokopi". Ni chumba kimoja, printa mbili, mashine ya leminesheni moja, benchi nje chini ya mwembe. Mama ndo mwenye duka, na kijana wake ndo anakaa kwenye kompyuta. Ukija asubuhi hamna foleni, ukija saa tisa mchana unakuta wanachuo wamejaa na ripoti zao za fildi, na wote kesho ndo siku ya mwisho ya kukusanya, hapo utasubiri mpaka uchoke.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Klabu ya historia pale shuleni mwaka huu tulikubaliana tufanye miji ya Warumi, sio Roma yenyewe, hapana, ile miji ya majimboni huko mbali na makao makuu, Afrika ya Kaskazini na Uingereza. Wanafunzi Warumi wanawajua kwa makaisari na vita basi, wakati mimi ninachotaka waone ni mji wa mkoani unavyozaliwa, dola inakuja kutoka mbali, inapima barabara zimenyooka kama rula, inajenga ofisi na soko, afu watu wa pale pale wanauchukua ule mji wanaufanya wa kwao. Mtoto wa Tabora hilo halimpigi chenga, anatembea ndani yake kila siku, anaenda stesheni ya reli iliyofika hapa 1912, anapita bomani, afu anarudi mtaa wa Ng'ambo ambako njia zinakata kona zinavyotaka zenyewe.

Kwahiyo nilishusha ramani mbili mtandaoni, ya Timgad na ya Silchester, pamoja na picha kadhaa, nikaweka kwenye flashi, nikaenda.

Nianze na Timgad maana ndo ilileta kasheshe la kwanza. Timgad ipo Algeria, Kaisari Trajan aliuanzisha kama mwaka 100 hivi kwa ajili ya askari waliomaliza utumishi, wa kile kikosi cha Legio ya Tatu Augusta kilichokuwa na kambi yake jirani pale Lambaesis. Mji wa mwanzo ulikuwa karibu mraba kamili, kama mita 355 kila upande, na ndani yake bloku ndogo ndogo za karibu mita 20 kwa 20, zimepangwa kama vishimo vya bao. Sasa chukua skeli ya 1:1000, ule mji mzima ni sentimita 35 na nusu kwenye karatasi, na bloku moja ni sentimita 2. Hiyo ndo raha yake, mwanafunzi anaweka rula anasoma mita bila hata kupiga hesabu ndefu. Ila karatasi ya A3 upana wake ni sentimita 29.7, mji hauingii, lazima utoe vipande viwili uunganishe.

Kijana hakuuliza. Aliiacha printa ijipangie ukubwa yenyewe ili iingie kwenye karatasi moja, ikatoka ramani nzuri, nyeusi, safi kabisa, nami nikalipa nikaondoka nayo nimefurahi. Nafika nyumbani nikaweka rula, bloku ina sentimita 1.6. Chini ya ramani imeandikwa 1:1000 na huo sasa ni uongo. Ule mstari wa skeli uliochorwa pembeni wenyewe umenywea sawa sawa na ramani kwahiyo bado unasema kweli, lakini maandishi yanadanganya, na mwanafunzi wa kidato cha tatu ataamini maandishi, atasema bloku ina mita 16 na atakuwa ameonewa bure.

Nikarudi kesho yake. Kijana akaniamkia, "Shikamoo mwalimu", nikaitikia, nikamueleza taratibu, nikamuwekea rula pale pale kwenye kaunta. Hakubisha hata kidogo. Alirekebisha akaweka asilimia mia, akagawa vipande viwili, akaacha ukingo wa kupandishia, na kuunganisha akaunganisha mwenyewe na selotepu kwa nyuma, barabara kuu imepita kwenye maungio haijavunjika hata milimita. Sikulipa mara ya pili. Mama alisema kazi ikiharibikia dukani ni ya duka.

Wakati anaunganisha akaanza kuniuliza, mbona ndani ya mraba kumenyooka afu nje kumevurugika? Hilo ndo swali ambalo mimi natumia kipindi kizima kulitafuta kwa wanafunzi! Nikamwambia mji ulijaa, watu wakaanza kujenga nje ya ule mraba, hekalu kubwa likaenda nje, mabafu makubwa yakaenda nje, na huko njia hazikufuata tena kamba ya mpima, zilifuata miguu ya watu. Akasema "basi kama kwetu huku", akarudi kwenye selotepu yake.

Kwenye Timgad kuna vitu viwili wanafunzi walivipenda kuliko vyote na nimevibandika pembeni ya ramani. Kimoja ni maktaba. Mji wa maaskari wastaafu kule mkoani ulikuwa na maktaba ya umma, na maandishi yake ya jiwe yanasema iligharimu sestertii 400,000 (sestertii ni sarafu ya Warumi), pesa aliyoiacha mtu mmoja tu, Rogatianus, na ni mojawapo ya maktaba chache sana za miji ya majimboni ambazo mpaka leo tunajua kwa uhakika lile jengo lilikuwa lipi. Wanafunzi wetu wanaogawana kitabu kimoja watu sita walikaa kimya. Cha pili ni ule ubao wa mchezo uliochongwa kwenye sakafu ya mawe ya uwanja wa mjini, umeandikwa maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama kuwinda, kuoga, kucheza, kucheka, huko ndo kuishi. Hilo la kuoga maana yake ni mabafu ya umma, na Timgad wachimbaji wamekuta mabafu kumi na kitu. Watu wamekaa chini uwanjani wanacheza na wanapiga soga, ni kama wazee wa bao pale chini ya mwembe, na mawe yao bado yapo.

Sasa Silchester. Hapa ndo nataka mnisome vizuri maana hapa ndo duka lilikosea kabisa na hapa hapa ndo lilipata heshima yangu.

Silchester ipo kusini ya Uingereza, jina lake la zamani Calleva Atrebatum, mji wa Waatrebati, kabila la wenyeji wa pale. Mji ulihamwa na hakuna mji mwingine uliojengwa juu yake, ni mashamba tu na ukuta wa mawe unaouzunguka, ndani zaidi ya hekta 40. Kati ya 1890 na 1909 wachimbaji wa zamani waliuchimba karibu wote uliopo ndani ya ukuta. Namna yao ilikuwa rahisi, vibarua wanachimba mitaro inayokata mshazari kwenye bloku, wakigonga ukuta wa mawe wanaufuata mpaka kona, kona mpaka kona, mpaka nyumba nzima ionekane. Wakachora ramani moja kubwa na nzuri sana, ikawa maarufu, ramani ya mji mzima wa Kirumi! Na ukiiangalia unaona nyumba zimekaa mbalimbali, nafasi tele katikati, utadhani mji wa bustani.

Shida ni kwamba zile nafasi hazikuwa tupu. Watu wengi walikaa kwenye nyumba za miti na udongo, na nyumba ya miti ikioza haiachi ukuta wa kugonga na sururu, inaacha doa. Nguzo inaoza, shimo lake linajaa udongo mwingine, mweusi zaidi au laini zaidi, unaukuta tu kama unakwangua taratibu na mwiko na unajua unachotafuta. Wale wa mwanzo walipita juu yake. Ndo maana Chuo Kikuu cha Reading, wakiongozwa na mwanaakiolojia Michael Fulford, walirudi 1997 kwenye bloku moja tu, ile inayoitwa Insula IX ambayo wazee walishaipitia miaka ya 1890, wakachimba sehemu yake kila kiangazi mpaka 2014. Wale wazee walimaliza mji kwa miaka ishirini, hawa miaka kumi na nane ni kipande cha bloku. Wakapata mashimo ya nguzo, visima, mashimo ya taka, nyumba za miti moja juu ya nyingine, na chini ya yote mji wa wenyeji wenyewe kabla Warumi hawajavamia mwaka 43. Kwenye kisima kimoja cha huo wakati wa kabla ya Warumi kulikutwa kokwa ya zeituni. Moja. Huo mti haukuwa wa Uingereza, maana yake biashara na watu wa Mediterania ilishafika pale kabla ya jeshi, na kokwa moja ndo imesema.

Basi mimi mchoro niliopeleka ulikuwa wa kipande hicho kipya. Kuta za mawe zimechorwa kwa mstari mnene mweusi, na mashimo ya nguzo ni viduara vya kijivu hafifu, ukubwa wa punje ya ulezi, vimepangwa mistari mistari.

Kijana akaprinti. Nikaitandaza juu ya kioo cha kaunta. Kuta zote zipo, nyeusi, zimekaa vizuri. Viduara hakuna. Hata kimoja! Karatasi nyeupe.

Nikamwambia kuna kitu hakijatoka hapa katikati. Akainama akaangalia, akasema, "Mwalimu hapa hamna kitu, ni kiwanja tu."

Nawaambia nilisikia mwili umesisimka, maana ndo kosa lile lile, neno kwa neno, limerudi Isevya baada ya miaka zaidi ya mia. Printa ilikuwa imewekwa kwenye kubana wino, na ikibana wino kitu cha kwanza inachotupa ni kijivu hafifu, yani inatupa nyumba za watu wa kawaida na inabakiza za wenye mawe. Nikafungua ile faili kwenye simu, nikazumu, nikamuonyesha, viduara viko hapo, safu hii na safu hii, hapa mlango, hapa ukuta wa ndani. Akaangalia simu, akaangalia karatasi, akarudi kwenye simu. Akasema "kumbe hapa watu walikaa."

Bibi yangu alikuwa na tembe kule Sikonge. Nguzo, fito, udongo, paa la udongo juu. Alipofariki hakuna aliyebaki kuisiriba, mvua mbili tatu paa likashuka, mchwa wakamaliza miti. Nilivyoenda miaka mingi baadae mjomba alikuwa analima pale, hamna nyumba, kuna nundu tu ya udongo mwekundu, na pale palipokuwa zizi la ng'ombe mahindi yamesimama marefu kupita ya shamba lote kwa mstari ulionyooka kabisa, zizi lote unalisoma kwenye mahindi. Hicho kitu wanaakiolojia wa Uingereza wanakitumia kabisa, wanapiga picha kutoka angani wakati wa kiangazi kikali, mazao juu ya mtaro wa zamani yanakuwa marefu na ya kijani, juu ya barabara ya mawe au ukuta yanadumaa yanageuka manjano, na barabara za Silchester zinaonekana kwenye shamba la nafaka kama mtu amezichora. Nilimsimulia yule kijana hayo ya bibi, akaniambia na kwao Urambo ipo hivyo hivyo.

Na fikirieni huu mji wetu. 1857 Burton na Speke walipofika hapa, wao walipaita Kaze, walikuta wafanyabiashara na misafara ya pembe za ndovu, na watu wamejenga kwa nguzo na udongo, matembe matupu. Tembe la Livingstone pale Kwihara tunaliona leo kwasababu lilijengwa upya. Akija mchimbaji wa namna ile ya kufuata mawe tu, atakuta boma na stesheni, ataandika kwamba Tabora ilianza na Mjerumani, na atakuwa na ramani nzuri sana mkononi ya kuthibitisha uongo wake. Kwahiyo kwangu mimi kile kijivu sio urembo wa mchoro, na duka linalokubali kurudia kazi kwa ajili ya kijivu ni duka ninalolisifia hadharani.

Maana alirudia. Kwanza alitoa kile kipengele cha kubana wino, vikatoka lakini hafifu mno, kutoka nyuma ya darasa mwanafunzi asingeviona. Afu akafanya kitu ambacho mimi sikukijua, akaifungua ile faili kama picha, akakoleza kijivu tu bila kugusa nyeusi, akaprinti kipande kidogo kwanza kwenye karatasi ya A4 akaniuliza "hivi?", nikasema koleza kidogo tena, akatoa kingine, cha tatu ndo kikawa chenyewe. Katikati ya hapo umeme ukakatika. Tulikaa benchi nje kama saa nzima, mama akaleta karanga, umeme uliporudi yeye kijana ndo alinikumbusha tuangalie asilimia mia kabla ya kubonyeza.

Darasani nilifanya hivi. Nimezibandika zote mbili ukutani, ile karatasi iliyoharibika na ile nzuri, juu ya manila moja, bila kusema kitu. Nikawauliza wapi kulikuwa na watu wengi zaidi. Binti mmoja wa kidato cha pili ndo aliona kwamba ni sehemu ile ile moja. Ile iliyoharibika sitaitupa.

Sasa bei. A3 nyeusi walinichaji shilingi 500 kwa karatasi, leminesheni ya A3 2,500, bainding ya spairo kwa vile vijitabu vya klabu 2,000 kimoja. Mjini kati niliuliza sehemu mbili, A3 ilikuwa ghali zaidi na hakuna aliyekuwa tayari kuunganisha vipande. Leminesheni yao ni safi kona zote, ila moja ilipata kiputo cha hewa katikati na hicho hakitoki tena, kwahiyo simama pale pale wakati inapita kwenye mashine. Bainding ni ya kawaida, hamna la kusema.

Picha za rangi msipeleke pale. Nilikuwa na picha za zile barua za Vindolanda, kambi ya jeshi kaskazini ya Uingereza iliyokuwa na kijiji cha raia pembeni yake, ambako kuanzia 1973 wamekuwa wakifukua vibao vyembamba vya mti vimeandikwa kwa wino, vimehifadhiwa na udongo wenye maji usiopitisha hewa. Mojawapo Claudia Severa anamkaribisha rafiki yake Sulpicia Lepidina kwenye sherehe ya kuzaliwa kwake, kama mwaka 100 hivi. Wino wenyewe kwa macho ni shida kuuona, walipiga picha za infraredi ndo ukasomeka. Pale Isevya zilitoka kahawia tupu, barua haionekani, na hapo sio suala la kubana wino, printa yao ya rangi imechoka na mama mwenyewe alikiri akanirudishia hela. Hizo nimeziprinti upya mjini kwenye duka la picha, kwa nyeusi na nyeupe, zimetoka vizuri.

Kitu kingine wanachotakiwa kurekebisha ni foleni. Hamna utaratibu, anayesukuma mkono wake mbele ndo anahudumiwa, na mtu mwenye kazi ya dakika moja ya kutoa kopi ya kitambulisho anasubiri nyuma ya ripoti ya kurasa themanini. Na flashi, kompyuta yao ina virusi, ya kwangu ilirudi na mafaili ya ajabu ajabu, siku hizi natuma WhatsApp kama dokyumenti, usitume kama picha maana inabanwa na vile viduara vinakufa njiani kabla hata ya kufika dukani.

Nyota nawapa nne kati ya tano. Wanafungua saa mbili asubuhi mpaka saa moja jioni, Jumapili wamefunga. Ukienda na ramani yoyote yenye skeli mwambie kijana maneno mawili kabla hajabonyeza, asilimia mia na asibane wino, japo nadhani kwa sasa atakuambia yeye kwanza. Mwezi ujao nampelekea Wroxeter, mji mwingine wa Warumi Uingereza, ambako mwanaakiolojia Philip Barker na watu wake walikwangua juu ya mabaki ya ukumbi wa mabafu tangu 1966 mpaka 1990 wakapata alama za nyumba za miti zilizojengwa juu ya vifusi vya mawe wakati jengo lenyewe lilishakufa, na huo mchoro una kijivu cha aina nne.